Mashine zipo, pamba iko wapi? Safari ya Rivatex kutoka kufungwa hadi kufufuliwa

HAKUNA kiwanda cha nguo Leparua, katika Kaunti ya Isiolo. Lakini nguo ipo, tena ina kazi nyingi kuliko mahali pengi nchini. Mfugaji anayeondoka alfajiri na mifugo hujitanda shuka dhidi ya baridi. Jua likipanda huitumia kujifunika kichwa. Usiku hugeuka blanketi. Ukiichunguza shuka hiyo, aghalabu utakuta kwamba uzi wake si wa pamba bali ni wa akriliki, yaani nyuzi zitokanazo na mafuta ya petroli, na mara nyingi imefumwa ng'ambo.

Hali hii haimaanishi kwamba Kenya haikuwahi kujua kufuma. Kilomita zipatazo 80 tu kutoka mji wa Isiolo, mjini Nanyuki, kilikuwapo kiwanda cha Mount Kenya Textiles, ambacho wengi walikizoea kwa jina la Mountex. Kisumu ilikuwa na KICOMI. Eldoret ilikuwa na Rivatex. Vyote vitatu vilifunga milango. Rivatex ndiyo iliyorudi kwenye vichwa vya habari ikiwa na mashine mpya na mmiliki ambaye si kawaida kumkuta katika biashara ya vitambaa: chuo kikuu. Namna ilivyofika hapo, na swali ambalo mashine hizo hazijaweza kulijibu, ni jambo linalomgusa kila mlipa kodi na kila mkulima aishiye katika sehemu kavu za nchi hii.

Kwanza, turudi nyuma kidogo, kwa sababu nguo ya kigeni si jambo la jana katika Afrika Mashariki. Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 nchi hiyo ikawa na balozi mdogo Unguja. Merikebu kutoka bandari ya Salem, jimbo la Massachusetts, zilileta majora ya kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Waswahili waliipa nguo hiyo jina la ilikotoka: merikani. Misafara iliibeba hadi ndani kabisa ya bara, si kwa kuvaliwa tu, bali kama fedha. Kwa merikani ungeweza kununua chakula, kulipa hongo ya kupita katika himaya ya mtemi, au kumwajiri mpagazi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, kati ya 1861 na 1865, viliikausha pamba iliyovilisha viwanda vya Massachusetts. Wafanyabiashara wa Uingereza na wa Bombay wakaichukua nafasi hiyo. Jina la merikani lilibaki ingawa nguo yenyewe ilikwisha kubadili uraia.

Viwanda vya Massachusetts navyo havikuishi milele. Mji wa Lowell, uliokuwa kitovu cha ufumaji wa pamba nchini Marekani katika karne ya 19, ulipoteza viwanda vyake katika karne iliyofuata. Mwaka 1978 serikali ya nchi hiyo ililigeuza eneo hilo kuwa hifadhi ya kitaifa ya historia. Katika jengo la Boott, mgeni huweza leo kuzisikia mashine kuukuu za kufuma zikiunguruma kwa ajili ya kumwonyesha tu jinsi kazi ilivyokuwa ikifanywa. Uingereza, kiwanda cha Salts katika kijiji cha Saltaire, kilichofunguliwa mwaka 1853, kilisimamisha kazi mwaka 1986. Mwaka uliofuata mfanyabiashara Jonathan Silver alikinunua na kukigeuza kuwa nyumba ya sanaa na maduka. Mumbai, ardhi ya kiwanda cha Phoenix imekuwa mojawapo ya maduka makubwa ya kifahari ya jiji hilo.

Hiyo ndiyo njia iliyozoeleka. Kuta hubaki, kazi hubadilika. Na kusema kweli ni njia rahisi, maana jengo la kiwanda lina kuta nene, dari ndefu na madirisha mapana, mambo yampendezayo mwenye duka na mwenye nyumba za kupanga vilevile. Njia iliyochaguliwa Eldoret ilikuwa ngumu zaidi: kiwanda kibaki kiwanda.

Rivatex, ufupisho wa Rift Valley Textiles, iliundwa katikati ya miaka ya 1970, wakati serikali ilipokuwa ikihimiza viwanda vitawanywe nje ya Nairobi na Mombasa. Eldoret, mji ambao wenyeji bado huuita Sikstifo kutokana na shamba nambari 64 la enzi za ukoloni, uko juu mno na una baridi mno kwa pamba. Lakini chini ya miinuko yake liko Bonde la Kerio, lenye joto na udongo unaoupenda mmea huo, na mbele yake Baringo. Reli ilikuwapo. Wafanyakazi walikuwapo. Pamba ingepanda mlima na nguo ingeshuka nayo.

Ilikuwa ni kiwanda kamili, kwa maana ya kwamba pamba iliyochambuliwa iliingia upande mmoja na kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi kikatoka upande wa pili. Inafaa tueleze kazi hiyo kidogo, kwa kuwa bila kuielewa ni vigumu kuelewa kwa nini kiwanda cha namna hii hufa haraka na kufufuka polepole.

Mkulima huvuna pamba ikiwa bado na mbegu zake. Katika kinu cha kuchambulia, mbegu hutenganishwa na nyuzi. Kilo tatu za pamba mbegu hutoa takriban kilo moja tu ya pamba nyuzi. Mbegu zinazobaki huweza kukamuliwa mafuta, na mashudu yake hulishwa ng'ombe. Pamba nyuzi hushindiliwa katika marobota na kusafirishwa kiwandani. Huko hufunguliwa, hupulizwa ili takataka zitoke, kisha huchanwa kama mtu achanavyo nywele, mpaka nyuzi zote zielekee upande mmoja. Zinavutwa na kuunganishwa, zinavutwa tena, na hatimaye zinasokotwa kuwa uzi.

Uzi huo hugawanywa kwa kazi mbili. Mtande ni zile nyuzi zinazotangulia kunyooshwa kwa urefu, na ni lazima zipakwe wanga ili zisikatike. Mshindio ni uzi unaopita katikati yake kwa upana, huku na huko, mara mamia kwa dakika moja katika mashine za kisasa. Baada ya kufumwa, kitambaa huoshwa, huondolewa wanga, hupaushwa, hutiwa rangi au kuchapwa nakshi, halafu hukaushwa na kunyooshwa.

Kila hatua inaitegemea ile iliyoitangulia. Hewa katika ukumbi wa kusokotea ikikauka, uzi hukatika. Umeme ukipotea kwa dakika chache, nyuzi hukatika kwa wingi, na wafanyakazi huanza kuziunganisha moja moja. Pamba ikikosekana kwa mwezi mmoja, msokotaji hana kazi, mfumaji hana uzi, mpaka rangi hana kitambaa, lakini deni la benki halikosi riba. Duka la nguo linaweza kupunguza bidhaa likangoja siku njema. Kiwanda kamili hakina uwezo huo.

Sasa, pamba yenyewe. Serikali ya kikoloni iliingiza kilimo hicho nchini mwanzoni mwa karne ya 20, si ili Mwafrika avae, bali ili viwanda vya Lancashire vipate malighafi. Baada ya uhuru lengo liligeuzwa. Halmashauri ya umma ilipewa mamlaka ya kununua pamba yote na kuiuza, nguo za kigeni zikawekewa vizuizi na ushuru mkubwa, na viwanda vikachipuka. Katikati ya miaka ya 1980 uzalishaji ulifikia marobota yapatayo 70,000 kwa mwaka, kiwango ambacho Kenya haijakifikia tena tangu wakati huo.

Ni rahisi kuililia enzi hiyo kuliko ilivyostahili. Halmashauri ile ilijulikana kwa kuchelewesha malipo, na mkulima aliyeuza pamba yake leo aliweza kusubiri msimu mzima kabla ya kuona senti. Wengi waling'oa pamba wakapanda mahindi hata kabla nguo za mitumba hazijajaa sokoni. Viwanda navyo, vikiwa vimekingwa na ushindani, havikuwa na haraka ya kununua mashine mpya. Kwa hiyo mlango ulipofunguliwa, nyumba ilikuwa tayari ina nyufa.

Mlango ulifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chini ya masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, halmashauri ilipoteza ukiritimba wake mwaka 1991, vizuizi vya uagizaji vikaondolewa, na mitumba ikaingia kwa marobota. Msamiati wenyewe unasema mengi: neno robota, lililokuwa likimaanisha pamba inayokwenda kiwandani, likaanza kumaanisha shati lililokwisha kuvaliwa Ulaya au Marekani linalokwenda Gikomba. Nguo mpya kutoka Asia nazo zilipenya, baadhi bila kulipiwa ushuru. Gharama ya umeme ilipanda. Rivatex, iliyokuwa na madeni na mashine za miaka ya 1970, iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 1998. Mwaka 2000 ilifungwa kabisa.

Wapo wanaosema mitumba ndiyo iliyoua viwanda, na wapo wanaosema uongozi mbaya ndio uliofanya hivyo. Mwandishi huyu haoni sababu ya kuchagua. Shati la mitumba lilimwezesha maskini kuvaa vizuri na limewaajiri maelfu kwa maelfu ya wachuuzi. Ukweli huo hauondoi ukweli mwingine kwamba hakuna kiwanda kinachoweza kushindana na nguo ambayo mwenyewe wa kwanza aliitoa bure. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilipotishia kuwanyima nafasi katika mpango wa AGOA, uliokuwa ukiruhusu nguo za Afrika kuingia sokoni mwake bila ushuru, Kenya ilijitoa. Rwanda ilishikilia msimamo wake, na mwaka 2018 ikasimamishwa kuuza nguo zake chini ya mpango huo.

AGOA yenyewe, iliyoanza mwaka 2000, ni kitendawili kingine. Iliwapa kazi maelfu ya washonaji, hasa wanawake, katika viwanda vya Athi River na Nairobi. Lakini kwa sehemu kubwa viwanda hivyo hushona kitambaa kilichoagizwa kutoka Asia. Suruali inaandikwa kwamba imetengenezwa Kenya, na ni kweli imeshonwa Kenya. Pamba yake huenda haikuwahi kuuona udongo wa Baringo. Mpango uliotarajiwa kuiinua pamba ya Afrika uliiinua zaidi sindano.

Huku nyuma, Rivatex ililala. Kiwanda kilichofungwa huharibika haraka: shaba huibwa, mikanda hukauka, paa huvuja, na wadai hutazama ardhi kuliko mashine. Ilikuwa rahisi kukata eneo hilo viwanja na kuyauza mabati kwa kilo. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi, ambacho kampasi yake kuu iko Kesses, si mbali na Eldoret, kilikinunua kwa Sh205 milioni.

Uamuzi huo ulionekana wa ajabu kwa wengi, lakini ulikuwa na mantiki yake. Chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1984, kilikuwa kikifundisha uhandisi wa nguo. Mhandisi wa nguo asiyewahi kusimama kando ya mashine inayofuma ni kama daktari asiyewahi kumgusa mgonjwa. Kiwanda kingekuwa hospitali ya mafunzo: mwanafunzi angejifunza, mtafiti angejaribu rangi zitokanazo na mimea na nyuzi mpya, na papo hapo kitambaa kingeuzwa. Jina likabadilishwa kidogo kuwa Rivatex East Africa Limited.

Kwa miaka kadhaa kazi iliendelea kwa mashine zile zile kuukuu. Fundi aliyezijua alikuwa na thamani kubwa kuliko vipuri, kwani vipuri vyenyewe havikuwa vikitengenezwa tena. Mageuzi yalikuja kupitia mkopo wa takriban Dola milioni 30, karibu Sh3 bilioni za wakati huo, kutoka Benki ya Exim ya India. Mashine mpya ziliagizwa, kumbi zikakarabatiwa, na tarehe 21 Juni 2019 Rais Uhuru Kenyatta alikizindua upya kiwanda hicho. Mwaka huo huo serikali iliwahimiza watumishi wa umma wavae nguo zilizotengenezwa nchini kila Ijumaa, na mashati ya Rivatex yakaonekana katika ofisi za serikali. Corona ilipoingia mwaka 2020, kiwanda kilishona barakoa, kama kilivyofanya pia kiwanda cha ushonaji cha Kaunti ya Kitui.

Picha za uzinduzi zilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa nje ya picha. Mashine mpya hula pamba kwa kasi kuliko zile kuukuu, na pamba haikuwapo. Kiwanda kilichojengwa ili kumtafutia soko mkulima wa Kenya kililazimika kuagiza pamba nyuzi kutoka Uganda na Tanzania.

Serikali ililiona jambo hilo. Desemba 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha pamba ya Bt, aina iliyobadilishwa vinasaba ili ijikinge dhidi ya funza wa vitumba, na mwaka 2020 mbegu zikaanza kuwafikia wakulima. Rivatex nayo iligawa mbegu. Inafaa kusema wazi mbegu hiyo inafanya nini na haifanyi nini. Inampunguzia mkulima mizunguko ya kunyunyiza dawa dhidi ya funza. Haiwazuii wadudu wanaofyonza majani, haileti mvua, haipandishi bei, wala haimfikishi mnunuzi shambani. Mbegu iliyochelewa kufika hata mvua zikapita, haijalishi ni ya aina gani.

Hebu tumfikirie mkulima wa Kitui au Tharaka anayepiga hesabu zake. Ndengu hukomaa katika muda wa miezi miwili au mitatu, huliwa nyumbani na huuzwa popote. Pamba humchukua miezi mitano au sita, haitafuniki, huchumwa kwa mkono mara kwa mara kadiri vitumba vinavyopasuka, na ina wanunuzi wachache. Mnunuzi akikosa kufika, pamba hubaki sebuleni, mahali pazuri kwa panya na hatari kwa moto. Anayechagua ndengu si mvivu wala mjinga. Faida ya pamba ni moja, nayo si ndogo: huvumilia ukame unaoua mahindi. Ndiyo sababu bado inatajwa kila wakati yanapozungumzwa maeneo kame, kutoka Lamu hadi Baringo, na ndiyo sababu tumelianza jambo hili Isiolo.

Miaka iliyofuata uzinduzi haikuwa myepesi kiwandani. Wafanyakazi walilalamika hadharani kuhusu mishahara iliyocheleweshwa, ilhali chuo chenyewe kilikuwa kimelemewa na madeni yake. Novemba 2023 Hazina ya Kitaifa iliitaja Rivatex miongoni mwa mashirika 11 ya umma yaliyokusudiwa kubinafsishwa, pamoja na jumba la KICC na Kampuni ya Mabomba ya Mafuta. Kesi ikafuata, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Sheria ya Ubinafsishaji ya 2023 ilikiuka Katiba. Mjadala ukahamia kwenye kukodisha: mali ibaki ya umma, mwekezaji aje na fedha na soko.

Kukodisha kuna mifano mizuri na mibaya jirani. Kiwanda cha Urafiki jijini Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kiligeuzwa kuwa kampuni ya ubia katika miaka ya 1990, Wachina wakiwa na asilimia 51. Kanga na vitenge vyake vilijulikana kote, lakini ubia huo haukukiepusha na madeni wala na mashine kusimama. Kwa upande mwingine, Thika Cloth Mills, kampuni ya kibinafsi isiyozungumzwa sana magazetini, ilivuka dhoruba ile ile ya miaka ya 1990 iliyoziangusha KICOMI na Mountex.

Masharti ya mkataba wowote wa Rivatex ndiyo yanayostahili kusomwa kwa makini kuliko jina la mwekezaji. Je, anafungwa kununua pamba ya hapa kwanza? Je, wanafunzi wa uhandisi wataendelea kuingia kumbini, au lango litafungwa? Nani atalipa mkopo wa India? Na je, polisi, hospitali na shule za umma zitaagiza vitambaa vyao Eldoret kwa mkataba wa miaka kadhaa, au kila zabuni itaanza upya na kumwendea mwagizaji wa bei ya chini? Oda ya sare kwa miaka mitano ingemwezesha meneja kuahidi bei kwa mkulima kabla ya mbegu kupandwa.

Katika nyanda za mashariki, pamba hupandwa mvua za vuli zinapoanza, kati ya Oktoba na Novemba. Uamuzi wa kupanda hufanywa majuma machache kabla ya hapo, wakati shamba linaposafishwa. Wakati huo ndipo mbegu inapotakiwa kuwa imefika dukani na bei kuwa imetangazwa.